Manowari Zilivyoacha Matanga

Mwaka 1836 Sayyid Said bin Sultan alimtunukia Mfalme William IV wa Uingereza manowari nzima. Iliitwa Liverpool, iliundwa kwa msaji katika karakana ya Bombay mwaka 1826, na ilichukua mizinga zaidi ya 70. Waingereza waliipokea, wakaipa jina jipya la Imaum na kuiingiza katika jeshi lao la majini. Kwa umbo na kwa nguvu ilistahili kukaa safu moja na manowari zao wenyewe. Miaka 60 baadaye, Agosti 1896, mjukuu wa Sayyid Said alikabiliana na Waingereza hao hao mbele ya jumba la kifalme Unguja. Naye pia alikuwa na manowari, lakini ilizamishwa kabla ya saa moja kwisha.

Ushujaa peke yake hauelezi tofauti ya siku hizo mbili. Katikati ya miaka hiyo manowari iliacha tanga ikashika mvuke. Tanga lilipoondoka, nchi nyingi zilizokuwa na miti mizuri, mafundi stadi na mabaharia hodari zilipoteza uwezo wa kujiundia jeshi la bahari, kwa sababu manowari mpya ilihitaji migodi ya makaa ya mawe, viwanda vya chuma na karakana za injini. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo zito kuliko yote katika historia hii, ingawa vitabu vingi huishia kwenye hadithi ya mabadiliko ya mashine.

Enzi ya upepo

Tunaposikia kwamba wakuu wa majeshi ya majini waliuchelewesha mvuke, ni rahisi kuwaona kama wazee waliozoea mambo ya kale. Tuangalie kwanza walichokuwa nacho mkononi. Manowari Victory, iliyomchukua Admirali Nelson katika vita vya Trafalgar mwaka 1805, ilikuwa imeshushwa majini mwaka 1765. Ilipigana mstari wa mbele ikiwa na umri wa miaka 40, ikiwa na mizinga zaidi ya 100. Kabla ya vita hivyo, Nelson alikaa karibu miaka miwili, kuanzia 1803 hadi 1805, bila kukanyaga nchi kavu. Alichohitaji kutoka pwani ni maji, chakula, na mbao na kamba za matengenezo, maana upepo haukuwa na mwenyewe.

Upepo ulikuwa na udhia wake. Kundi zima la manowari lingeweza kufungiwa bandarini wiki kadhaa kwa kukosa upepo wa kutokea. Katika Bahari ya Hindi kila nahodha alijua kwamba kaskazi na kusi ndizo zinazopanga safari. Hata hivyo, chombo cha tanga kilikwenda popote duniani na kurudi bila kumtegemea mtu wa kukiwekea nishati njiani. Ndiyo sababu waliokuwa nacho hawakukiachia upesi.

1814–1841: Magurudumu ya pembeni

Manowari ya kwanza ya mvuke ilishushwa majini New York mwaka 1814. Fundi wake alikuwa Mmarekani Robert Fulton, na lengo lake lilikuwa kuilinda bandari hiyo dhidi ya Waingereza. Aliliweka gurudumu la kusukumia maji katikati, baina ya matumbo mawili ya meli, ili risasi za mizinga zisilifikie. Fulton alifariki kabla chombo hakijakamilika na vita vikaisha, kwa hiyo manowari hiyo haikupigana hata mara moja. Mwaka 1829 ililipuka.

Wazo la Fulton lilikuwa limegusa tatizo ambalo lingewasumbua wengine kwa miaka 30. Meli nyingi za mvuke za wakati huo zilisukumwa na magurudumu makubwa mawili, moja kila ubavu, na manowari hupiga mizinga kutoka ubavuni. Gurudumu lilikula nafasi ya mizinga, na risasi moja tu ingeweza kulivunja na kuiacha meli ikielea bila nguvu. Boila zilitumia maji ya chumvi, chumvi ikaganda ndani yake, na kila baada ya muda moto ulizimwa ili mafundi waingie kuikwangua. Kwa sababu hiyo jeshi la majini la Uingereza lilizitumia meli za mwanzo za mvuke, kama Comet ya mwaka 1822, hasa kwa kuvuta manowari za tanga kuingia na kutoka bandarini.

Nguvu ya kivita ya mvuke ilionekana kwanza pembezoni, mbali na makundi makubwa ya manowari. Katika vita vya Uingereza na Burma vya 1824–1826, meli ndogo iitwayo Diana ilipanda mto Irrawaddy ikivuta mashua za askari kinyume cha mkondo. Mwaka 1827, katika vita vya uhuru wa Ugiriki, Mwingereza Frank Abney Hastings aliiongoza Karteria, meli ya mvuke, akateketeza vyombo vya Waturuki kwa makombora. Mwaka huo huo, tarehe 20 Oktoba, katika ghuba ya Navarino, Waingereza, Wafaransa na Warusi waliwavunja Waturuki na Wamisri. Hivyo ndivyo vita vikubwa vya mwisho vya baharini kupiganwa kwa vyombo vya tanga vitupu.

Makaa nayo yalianza kuchora ramani mpya. Mwaka 1830 meli ya mvuke Hugh Lindsay ilitoka Bombay hadi Suez, safari iliyochukua zaidi ya mwezi, na muda mwingi ulipotea katika kupakia makaa. Mahali pa kuyahifadhi palihitajika katikati ya njia. Januari 1839 Waingereza waliiteka Aden, na haja ya kituo cha makaa ilikuwa miongoni mwa sababu zao kuu. Mji wa bandari ulitwaliwa ili meli ipate pa kupakia nishati. Jambo hilo lingerudiwa mara nyingi katika bahari nyingine.

Mwaka uliofuata Nemesis iliondoka Uingereza kuelekea China. Iliundwa Birkenhead kwa ajili ya Kampuni ya India ya Mashariki. Mwili wake wote ulikuwa wa chuma, na iliweza kuelea katika maji ya kina kifupi sana. Baada ya kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema ilikumbwa na dhoruba, chuma chake kikapasuka ubavuni, ikabidi itengenezwe Delagoa Bay, mahali ulipo mji wa Maputo leo. Januari 1841 ilikuwa imefika mlango wa mto wa Canton. Ilipita penye maji machache, ikawazunguka maadui waliolazimika kuusubiri upepo, ikavuta mashua zilizojaa askari hadi chini ya ngome. Majunki ya Wachina yalikuwa mengi, na askari wake hawakukosa moyo, lakini ngome zilizojengwa kuzuia meli za tanga hazikuwa na jibu kwa chombo kinachokwenda kinyume cha upepo na mkondo. Nadhani hapo Canton, kabla ya Ulaya yenyewe kushtuka, ndipo palipodhihirika mvuke ungeyafanya nini mataifa yasiyokuwa nao.

1836–1852: Rafadha chini ya maji

Kilichouingiza mvuke ndani ya manowari kubwa ni rafadha, yale mapanga yanayozunguka nyuma, chini ya tezi. Mwaka 1836 watu wawili waliisajili London, kila mmoja kwa wakati wake: Francis Pettit Smith, mkulima wa Kiingereza, na John Ericsson, mhandisi kutoka Sweden. Ya Smith ilikuwa ya mbao, ndefu kama parafujo. Alipoijaribu mferejini, kipande chake kilikatika, na mashua ikaongeza mwendo badala ya kupunguza. Ajali hiyo ilimfundisha kwamba rafadha fupi hufanya kazi vizuri zaidi. Ericsson hakupata sikio la Waingereza, akahamia Marekani, na tutakutana naye tena.

Tarehe 3 Aprili 1845 manowari mbili za Uingereza zenye injini zinazokaribiana nguvu zilifungwa kamba tezi kwa tezi. Rattler ilikuwa na rafadha, Alecto magurudumu. Zilipovutana, Rattler iliiburura Alecto kinyumenyume kwa mwendo unaozidi kidogo maili mbili za bahari kwa saa, huku magurudumu ya Alecto yakizunguka kwa nguvu zake zote. Wakuu walikuwa wameshaikubali rafadha kabla ya siku hiyo, lakini sasa hata mtu asiyejua injini aliweza kuelewa. Injini nayo ilishuka chini ya usawa wa maji, pasipofikiwa na risasi, na ubavu wote ukarudi kuwa wa mizinga.

Wafaransa ndio waliochukua hatua kubwa. Mhandisi wao Dupuy de Lôme alibuni manowari ya mizinga 90 ambayo injini yake ilikuwa ya kuiendesha hasa, si ya kusaidia matanga. Napoléon ilishushwa majini Toulon mwaka 1850, na Waingereza walijibu kwa Agamemnon mwaka 1852. Oktoba 1853 makundi ya nchi hizo mbili yalipotakiwa kupita mlangobahari wa Dardanelles, upepo na mkondo vikiwa vya mbele, Napoléon ilipita ikiivuta manowari kubwa ya tanga ya admirali wake, huku manowari za tanga za Waingereza zikibaki nyuma. Baada ya hapo hakuna serikali yenye jeshi la majini iliyoagiza tena manowari kubwa ya tanga pekee.

1853–1862: Kombora, chuma na moto

Tarehe 30 Novemba 1853 Warusi waliliingilia kundi la Waturuki katika bandari ya Sinop, pwani ya Bahari Nyeusi. Walitumia mizinga ya makombora ya aina iliyobuniwa na Mfaransa Paixhans. Risasi ya kawaida ilitoboa ubao ikaacha tundu linalozibika, lakini kombora liliingia, likapasuka na kuwasha moto. Vyombo vya Waturuki viliteketea karibu vyote pamoja na maelfu ya watu. Kilichonusurika kilikuwa Taif, meli ya mvuke, iliyochomoka na kuipeleka habari Istanbul.

Mafunzo mawili yalitoka hapo: mbao hazifai tena, na asiye na mvuke hakimbii. Oktoba 1854, manowari za Uingereza na Ufaransa, zilizoingia vitani upande wa Waturuki, ziliposhambulia Sevastopol ya Warusi, zile zisizo na injini zilifungiwa meli za mvuke ubavuni ili zisukumwe hadi mahali pa vita. Miongoni mwa zilizopigwa vibaya siku hiyo ilikuwa London, manowari ya tanga ya mwaka 1840. Jina hilo litarudi katika simulizi hii, tena karibu na kwetu. Mwaka 1855 Wafaransa walipeleka Kinburn vyombo vitatu vya mvuke vilivyovikwa mabamba ya chuma, na risasi za Warusi zikaishia kuvitia mabonyeo tu.

Zilifuata Gloire ya Ufaransa mwaka 1859, mbao zilizovikwa chuma, na Warrior ya Uingereza mwaka 1860, chuma kitupu kutoka mkukuni hadi juu. Kisha ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani. Tarehe 8 Machi 1862, huko Hampton Roads, meli iliyovikwa chuma ya waasi wa Kusini, Virginia, ilizivamia manowari mbili za tanga zilizokuwa nangani. Cumberland iligongwa ikazama, Congress ikachomwa moto. Kesho yake ilikabiliwa na Monitor, kazi ya yule Ericsson: chombo kilichoelea karibu sawa na maji, mizinga miwili ndani ya mnara unaozunguka, na hakina mlingoti hata mmoja. Zilipigana saa kadhaa bila kuzamishana.

1860–1873: Matanga yasiyotaka kuondoka

Msomaji angetarajia milingoti ing'olewe mara moja. Haikung'olewa. Warrior yenyewe ilikuwa na milingoti mitatu kamili, madohani yake mawili yalishushwa ili yasizuie matanga, na rafadha yake ya tani 26 iliinuliwa kutoka majini kwa kuvutwa na mamia ya mabaharia ili isiburute maji wakati wa tanga. Kazi yote hiyo ya mikono ilikuwa ya kuokoa makaa.

Hesabu yake ilikuwa ngumu. Warrior ilichukua tani 850 za makaa. Kwa injini za wakati huo, akiba hiyo haikutosha kuvuka bahari kuu na kurudi. Manowari iliyotumwa China au Australia bila matanga ingeweza kukwama njiani. Kilichotatua jambo hili hakikutoka jeshini, kilitoka kwa wafanyabiashara. Mwaka 1866 Alfred Holt wa Liverpool alianza kupeleka China meli zenye injini zinazoutumia mvuke ule ule mara mbili, kwanza katika silinda ndogo yenye shinikizo kubwa, kisha katika silinda kubwa. Meli yake ilifika Mauritius bila kupakia makaa njiani, mwendo wa maili 8,500. Vipozeo vipya navyo viliugeuza mvuke uliotumika kuwa maji matamu, ukarudishwa kwenye boila, na adha ya chumvi ikapungua. Kisha mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, nao haukuwa na faida kubwa kwa vyombo vya tanga, vinavyosumbuliwa mno na pepo za Bahari ya Shamu.

Bado wapo waliotaka yote mawili kwa pamoja. Cowper Coles, afisa wa majini mwenye kipaji na ushawishi mkubwa magazetini, alipigania manowari yenye minara ya mizinga kama ya Monitor na milingoti mirefu kama ya zamani. Mhandisi mkuu wa jeshi, Edward Reed, alionya kwamba chombo cha namna hiyo hakitakuwa na usalama. Coles alishinda. Captain ilipokamilika ilikuwa nzito kuliko ilivyopangwa, na sitaha yake ilikaa chini zaidi karibu na maji. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Septemba 1870, karibu na Cape Finisterre, dhoruba ilikamata matanga yake ikaipindua. Watu karibu 480 walikufa, Coles mwenyewe akiwamo. Waliookoka hawakufika 20. Siwezi kuisoma habari hiyo bila kuwaonea uchungu wale mabaharia, kwa sababu hoja iliyowaua ilikuwa imeshajadiliwa na kujibiwa kabla hawajapanda melini.

Devastation, iliyobuniwa na Reed, iliingia kazini mwaka 1873. Ilichukua makaa mengi, haikuwa na tanga, na mlingoti wake mmoja ulikuwa wa ishara na mawasiliano tu. Manowari ndogo ziliendelea kubeba matanga katika bahari za mbali hadi mwisho wa karne.

1874–1884: London yafika Unguja

Juni 1873 Sayyid Barghash, akiwa amebanwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Mwaka uliofuata iliwasili bandarini Unguja ile London ya Sevastopol. Mwaka 1858 ilikuwa imetiwa injini na rafadha, na sasa ilikuja kutia nanga iwe kituo: hospitali, karakana, ghala na makao ya mashua za doria. Wakazi wa Mji Mkongwe waliitazama kwa miaka kumi, pengine bila kujua kwamba mwili huo mmoja ulikuwa umepita hatua zote, kutoka tanga tupu hadi kufungiwa mvuke ubavuni, hadi kupewa injini yake. Mashua zake nyingi zilifanya doria kwa makasia na matanga, na chache zilikuwa za mvuke. Desemba 1881 nahodha wake, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba akiwa katika mojawapo ya hizo za mvuke, alipolikaribia jahazi la watumwa.

Kuna watu wa historia hii wasiotajwa vya kutosha. Manowari za Uingereza katika Bahari ya Hindi ziliajiri Waafrika kutoka Unguja, Aden na Bombay, wengi wao watu waliokombolewa utumwani, na vitabu vya meli viliwaandika kwa jina la Sidi. Kazi kubwa waliyopewa ilikuwa kupakia makaa na kuchochea moto wa boila. Wakuu waliamini kwamba Mwafrika huhimili zaidi joto la chumba cha boila, na imani hiyo iliwafaa kuwapangia kazi ambayo wengine hawakuitaka. Fikiria joto la Ghuba ya Uajemi mwezi wa Agosti, kisha uongeze tanuri wazi mbele ya kifua. Mvuke uliowafukuza wafanyabiashara ya watumwa ulichochewa, kwa sehemu, na mikono ya waliowahi kuwa watumwa.

Sayyid Barghash aliona dunia inakoelekea. Kimbunga cha Aprili 1872 kilikuwa kimevunja meli zake nyingi, naye aliagiza manowari mpya Scotland, kwenye karakana ya Denny iliyokuwapo Dumbarton. Glasgow ilifika mwaka 1878, ina mvuke, rafadha na milingoti mitatu. Tofauti na Liverpool ya baba yake, hii haikuundwa na mafundi wa bahari hii kwa miti ya bahari hii. Fundi, chuma na makaa vyote vilitoka kwa watu ambao huenda angelazimika kupigana nao.

Siku hiyo ilimfikia mwanawe. Tarehe 27 Agosti 1896, Khalid bin Barghash alipokataa kuondoka katika jumba la kifalme, manowari tano za Uingereza zilijipanga mbele yake. Kubwa kati yake, St George, ilikuwa ya chuma, tani zaidi ya 7,000, haina matanga. Saa tatu na dakika mbili asubuhi zikaanza kupiga. Glasgow, kwa mizinga yake midogo, iliifyatulia St George, nayo ikajibiwa ikazama pale pale bandarini. Kwa hesabu inayotajwa zaidi vita vilidumu dakika 38. Watu wa upande wa Khalid wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Milingoti ya Glasgow ilibaki juu ya maji miaka mingi.

1914–1915: Deni la makaa

Wenye mvuke nao walikuwa na minyororo yao. Vita Kuu ilipoanza, manowari ya Wajerumani Königsberg ilikuwa imeshatoka Dar es Salaam. Waingereza walihakikisha haipati makaa katika bandari za jirani. Agosti 1914 iliteka meli ya mizigo City of Winchester karibu na Oman na kuchukua makaa yake, lakini yalikuwa ya hali ya chini. Ilipokutana na meli yake ya akiba karibu na pembe ya Somalia ilikuwa imekaribia kuishiwa kabisa. Ikajificha ndani ya delta ya Rufiji, ikapelekewa makaa kidogo kidogo kwa vyombo vidogo. Tarehe 20 Septemba ilitoka ghafla na kuizamisha Pegasus ya Waingereza pale Unguja, ambayo nayo ilikuwa imesimama kwa matengenezo ya boila na mashine zake.

Kisha mashine za Königsberg zikaharibika. Vipande vyake ilibidi vipelekwe Dar es Salaam kwa nchi kavu vikatengenezwe na kurudishwa. Wakati huo Waingereza walikuwa wameziba midomo ya mto. Manowari zao kubwa hazikuweza kuingia kwa kina kifupi cha maji, kwa hiyo waliziburura kutoka Malta Severn na Mersey, vyombo bapa vya ukoo ule ule wa Monitor ya Ericsson. Tarehe 11 Julai 1915 viliimaliza, na Wajerumani wenyewe wakailipua. Mizinga yake kumi iliopolewa mtoni, ikafungiwa magurudumu Dar es Salaam, na wapagazi wa Kiafrika wakaivuta kwa kamba kwenda bara, ambako iliendelea kutumika vitani.